Ndoa Tunatangaza, Bastola Tunanong'ona: Kibali cha Silaha Kipite Mkutano Mkuu wa Kijiji



Leo siandiki habari ya gesi wala ya korosho, ingawa najua wengine mtasema, "Kamanda, mbona umeacha ya msingi?" Naandika habari ya kitu kidogo kinachoenea kiunoni chini ya shati. Naandika habari ya bastola, na barua ya kijiji inayoifungulia njia.

Nianze na nilichokiona. Nilikuwa arusini, kijiji kimoja cha pwani yetu hii, sikitaji. Ngoma imekolea, akina mama wanataka kupita na bibi harusi, gari la bwana mmoja limeziba njia. Kijana mmoja akamfuata kwa adabu kabisa: "Shikamoo mzee, naomba usogeze gari kidogo." Yule bwana hakujibu shikamoo. Alipandisha shati tu. Kila aliyekuwa karibu akaona kilichokuwepo. Kijana akarudi nyuma, akina mama wakapita pembeni kwenye mchanga, ngoma ikapoa. Hakuna risasi iliyopigwa, hakuna aliyekwenda polisi, na siku ya pili kila mtu alijifanya amesahau.

Mimi sikusahau. Nilimuuliza mjumbe mmoja wa halmashauri ya kijiji kile: hivi huyu bwana kibali alipewa na nani? Akacheka kidogo, akaniambia, "Barua ilipita hapa. Tuliambiwa ni mtu mzuri, tukaendelea na ajenda nyingine." Nikamuuliza tena: na mlijua kwamba mke wake ameshakimbilia kwa wazazi wake mara mbili akiwa na majeraha? Akanyamaza. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Kwenye karatasi tu ndiko hakukuandikwa.

Ndugu zangu, hoja yangu yote imo humo. Kijiji kinajua, karatasi haijui. Na anayebeba bastola anabeba kwa nguvu ya karatasi.

Barua inaanzia wapi

Wengi wetu tunadhani kibali cha silaha ni mambo ya wakubwa, ya Dar na Dodoma. Sivyo. Nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya 1991. Mwisho wa safari kuna msajili wa silaha, yule wa makao makuu ya polisi. Lakini mwanzo wa safari ni hapa hapa, kwenye ofisi ya kijiji chenye bendera iliyochakaa. Mwombaji anaandika barua, kijiji kinamtambulisha, kamati ya ulinzi na usalama ya ngazi ya chini inasema neno lake, kisha faili linapanda kwa OCD, linafika kwenye Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya, linaendelea mkoani na kwenda juu.

Sasa tazama hizo hatua vizuri. Kamati ya wilaya mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, mteule wa Rais. Ya mkoa mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, naye mteule wa Rais. Hao hawatufahamu majina. Hawajui nani akilewa anageuka, nani ana kesi ya mpaka wa shamba na ndugu yake, nani anapiga mke, nani ana sonona. Hatua pekee ambayo watu wanamfahamu mwombaji tangu anacheza mpira wa makaratasi ni ile ya kijijini. Na hatua hiyo hiyo ndiyo tumeigeuza kuwa mhuri na saini.

Angalia na siasa yake, maana blogu hii haijifichi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 uliisha kwa chama tawala kutangazwa kushika zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Tuna maoni yetu kuhusu uchaguzi ule na tumeshayasema. Matokeo yake ni kwamba halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, karibu kila mahali ni ya rangi moja. Wakikaa chumbani kujadili nani apewe barua ya silaha, wanajadiliana wenyewe kwa wenyewe. Sisemi wote ni wabaya. Wapo waungwana na tunazika pamoja. Lakini hata wangekuwa wa chama chetu 25 kwa 25, ningesema hivi hivi: suala la nani atembee na bastola kati ya watoto wetu si la kumalizwa chumbani.

Mkutano mkuu hauulizi kadi

Kwa bahati nzuri sheria imetuachia mlango. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na ndicho chombo cha juu cha kijiji. Hauulizi kadi ya chama. Mama muuza vitumbua ana sauti moja, mwenyekiti ana sauti moja, na wewe kijana unayekaa kijiweni ukilalamika una sauti moja, ila huendi.

Tunachodai ni vitu 4, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kusubiri Bunge.

Kwanza, barua yoyote ya kijiji ya kumtambulisha mwombaji wa silaha itangazwe kabla ya kugongwa mhuri. Jina lisomwe kwenye mkutano mkuu, na tangazo libandikwe kwenye ubao wa ofisi kwa siku 21. Kwa nini 21? Kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mtu anayekusudia kuoa atoe taarifa siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Jamani, tunatangaza ndoa, ambayo ikiharibika kuna talaka na maisha yanaendelea. Bastola ikiharibika kuna kaburi. Iweje ndoa itangazwe na bastola inong'onwe?

Pili, mke au mume wa mwombaji, na watu wazima wa nyumba yake, waulizwe faragha. Si mbele ya mwombaji, si mbele ya mkutano. Waulizwe na wajumbe wanawake wa kijiji, na jibu lao lifungwe kwenye bahasha liende na faili. Kama mwenye nyumba moja na mwombaji anaogopa, hilo ni jibu tosha.

Tatu, kila mwaka kijiji kisomewe idadi. Hatuhitaji majina wala nyumba. Tusomewe kwamba kijiji hiki kina silaha kadhaa zenye kibali, ngapi zimehakikiwa, ngapi wenyewe wamefariki na silaha zimerudishwa polisi. Hili la mwisho ni kubwa. Mzee akifariki, bastola inabaki sandukuni, na mjukuu anaikuta. Mwaka 2016 serikali iliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, na Rais Magufuli mwenyewe alihakiki zake. Kwa hiyo jambo hili linawezekana. Tunataka liwe desturi ya kila mwaka, badala ya kusubiri amri ya mkubwa aamke nayo.

Nne, kijiji kitunge sheria ndogo, ipitishwe na halmashauri ya wilaya kama zinavyopitishwa nyingine, ya maeneo yasiyoingiwa na silaha ya mtu binafsi: shule, zahanati, msikiti na kanisa, uwanja wa mpira, arusi na ngoma, kilabu cha pombe, mnada wa korosho, na mkutano wa hadhara wa chama chochote, chetu kikiwemo. Tena chetu kiwe cha kwanza. Hatuwezi kudai wengine waache bastola nyumbani huku mlinzi wa mgombea wetu anapandisha shati.

"Lakini Kitaya?"

Najua hoja itakayokuja, na ni hoja nzito. Naiheshimu kwa sababu wanaoisema wamepoteza watu.

Tarehe 14 Oktoba 2020 magaidi walivuka Mto Ruvuma kutoka Cabo Delgado wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu. Waliua, wakachoma nyumba. IGP wa wakati ule, Simon Sirro, alisema washambuliaji walikuwa kama 300. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, na Palma si mbali: ni ng'ambo tu ya mto, watu wake ni ndugu zetu, Wamakonde na Wamwani tunaooana nao. Msimbati tuliokaa hapa kwenye mdomo wa Ruvuma tulilala kwa zamu. Kijana akiniambia, "Kamanda, wewe unazungumzia siku 21, mimi nataka kitu cha kulinda mama yangu," simcheki.

Ila tuambizane ukweli. Mtu 1 mwenye bastola ya risasi chache atafanya nini mbele ya kundi lenye bunduki za kivita? Atakufa wa kwanza, na bastola yake itavuka mto na wao. Nyumba inayojulikana ina silaha haiwi ngome, inakuwa shabaha. Kitu kinachookoa kijiji cha mpakani ni taarifa kufika mapema, barabara inayopitika masika, mtandao wa simu unaoshika, boti ya doria yenye mafuta, na wananchi wanaomwamini askari kiasi cha kumpigia simu saa 8 usiku bila kuogopa kwamba watageuziwa kesi.

Na hiyo imani ndiyo iliyovunjika. Mei 2013, watu wa Mtwara walipopinga bomba la gesi, tuliona wanajeshi mitaani. Januari 2022 askari polisi 7 walifikishwa mahakamani kwa tuhuma za kumuua kijana mfanyabiashara wa madini hapa hapa Mtwara. Februari 2018 mwanafunzi Akwilina Akwilini aliuawa kwa risasi akiwa amekaa ndani ya daladala Kinondoni, polisi wakitawanya waandamanaji. Septemba 2017 Tundu Lissu alimiminiwa risasi mchana kweupe Dodoma, 16 zikaingia mwilini, na hadi leo hakuna aliyefikishwa mahakamani. Kijana wa upinzani akisema "hakuna wa kunilinda", ana sababu.

Lakini dawa ya polisi asiyeaminika si kila mwenye fedha awe polisi wake mwenyewe. Maana tusidanganyane, bastola ni ya mwenye fedha. Bei yake, risasi zake, nenda rudi za wilayani na mkoani, mvuvi wa Msimbati haziwezi. Tukilegeza utaratibu, watakaojaza viuno si vijana wa kijiweni. Ni wale wale wanaotupandishia mashati leo, sasa wakiwa 10 badala ya 1. Sisi tutabaki kupita pembeni kwenye mchanga.

Agosti 2021, Dar es Salaam, karibu na Ubalozi wa Ufaransa, mtu 1 aliyeanza na bastola aliua askari polisi 3 na mlinzi 1 wa kampuni binafsi kabla naye hajauawa, akitumia na bunduki alizowanyang'anya askari. Hao walikuwa watu waliofunzwa silaha. Sasa fikiria Mzee wako mwenye duka.

Kuna na hoja ya mfanyabiashara: "Nabeba fedha za korosho." Ilikuwa na uzito zamani. Leo malipo ya korosho yanapita AMCOS na benki, na fedha zinatumwa kwa simu. Anayeendelea kuzunguka na gunia la noti vijijini mara nyingi ni mnunuzi wa kangomba, na huyo hatakiwi hata kuwepo.

Na wakulima msinielewe vibaya. Mwenye shamba la mihogo anayekesha na nguruwe pori na ngedere ana shida ya kweli, na habari ya magobole inahitaji mjadala wake, wenye huruma na wenye akili. Hapa nazungumzia bastola. Hakuna nguruwe anayewindwa kwa bastola. Bastola imetengenezwa kwa ajili ya binadamu mwenzako aliye karibu.

Wengine walianza wadogo

Tarehe 13 Machi 1996, kwenye mji mdogo wa Dunblane, Scotland, mtu aliingia shuleni akaua watoto 16 na mwalimu wao. Bastola zake zilikuwa na kibali halali. Uchunguzi ulionyesha kwamba tangu 1991 polisi mmoja alikuwa ameandika kupendekeza anyang'anywe kibali, na watu wa mji walikuwa wamemlalamikia miaka mingi. Mnaona? Mji unajua, karatasi haijui.

Basi wazazi na majirani wakaanza kukusanya saini kwa mkono, mtaani, kampeni waliyoipa jina la ua dogo jeupe, Snowdrop. Zilipita 700,000. Serikali iliyokuwepo ikapiga marufuku bastola nyingi. Chama cha Labour, kikiwa bado upinzani, kiliwapa jukwaa kwenye mkutano wake mkuu wa 1996, na kiliposhinda uchaguzi Mei 1997 kikamalizia zilizobaki. Upinzani ukiwasikiliza wananchi wa kawaida, unaweza kuingia madarakani ukiwa na kazi mkononi.

Karibu zaidi na sisi, Afrika Kusini. Baada ya uchaguzi wa 1994, nchi ikiwa imejaa silaha za enzi ya ubaguzi, wanaharakati wa Gun Free South Africa walianza na kanisa moja, shule moja, baa moja, wakizitangaza kuwa sehemu zisizoingia bunduki. Hiyo ilikuwa kabla sheria haijawasaidia. Sheria ikaja baadaye, mwaka 2000, ikaingiza mpaka utaratibu wa maeneo hayo. Canada nako, baada ya wanawake 14 kuuawa chuoni Montreal mwaka 1989, kelele za wanawake na ndugu wa marehemu zilizaa sheria ya 1995, na leo fomu ya leseni inamtaja mke au mume, hata mtalaka wa karibuni, ajulishwe.

Lakini kwa nini niende mbali? Wazee wetu wa pwani hii walishafanya. Baruti ilikuwa inalipuka baharini asubuhi hadi jioni, matumbawe yanavunjika, watu wanakatika mikono, na kila mtu anajua ni nani, na kila mtu anaogopa. Miaka ya 1990 vijiji vya pwani ya Mtwara na Lindi viliungana kwenye mtandao walioupa jina la Shirikisho, wakaanza kusema hadharani kwenye mikutano, wakawabana viongozi mbele ya watu, mpaka dola ikalazimika kuwasaidia. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ikaanzishwa mwaka 2000. Na hifadhi ile tuna ugomvi nayo mwingi, hilo ni la siku nyingine. Ila somo lipo: kilichowanyima nguvu wapiga baruti kwanza ni kutajwa. Walipotajwa mkutanoni, walipungua urefu.

Watasema tunawaanika kwa wezi

Kuna mzee mmoja, namheshimu, aliniambia: "Mwanangu, ukisoma jina la mtu mkutanoni, umemwambia mwizi wapi pa kwenda kuiba bastola." Nimelifikiria sana hili. Jibu langu ni kwamba tunasoma jina la anayeomba, bado hajapewa; akipewa au akinyimwa, hilo haliandikwi ubaoni. Na pili, mzee wangu, kijijini hakuna siri ya bastola. Mwenyewe anaipandishia shati arusini. Siri pekee iliyopo ni jinsi alivyoipata.

Wengine wanaogopa kwamba pingamizi zitakuwa za chuki. Zitakuwepo. Ndiyo maana pingamizi iandikwe, itaje sababu, mwombaji ajibu, na yote yaende na faili. Kijiji hakinyimi kibali, sheria haijakipa uwezo huo. Kijiji kinasema kinachokijua, na wenye mamlaka hawatapata tena kusema hawakuambiwa.

Kazi ya wiki hii

Sasa, makamanda, tusiishie kugonga "like". Mkutano mkuu wa kawaida unapaswa kufanyika kila miezi 3. Mwandikieni mtendaji wa kijiji barua ya kuomba ajenda hii, mapema, na mbaki na nakala iliyopokelewa kwa mhuri. Kusanyeni saini, na za akina mama ziwe nyingi kuliko zetu. Waendeeni wana-CCM waungwana, wapo, waambieni watoto wao wanasoma shule moja na wetu. Mwalikeni polisi kata aje asikie, asikutane na habari hii kijiweni akadhani ni uchochezi. Azimio likipita, muhtasari uende kwa diwani, aufikishe Kamati ya Maendeleo ya Kata na Baraza la Madiwani. Msiende na fujo, msiende na matusi, na msiende na nguo za chama. Hili si la chama.

Na kama mkutano hauitishwi, ombeni uitishwe kwa maandishi, tena na tena. Barua 3 zilizopokelewa bila kujibiwa ni ushahidi.

Yule kijana wa arusini siku hizi haendi ngomani. Ananiambia amechoka tu. Mimi najua hajachoka. Alitoa shikamoo kwa adabu aliyofundishwa na mama yake, akajibiwa kwa chuma, mbele ya watu 200, na hakuna hata 1 kati yetu aliyefungua mdomo, nami nikiwemo.

Tukutane kwenye mkutano mkuu. Safari hii tufungue mdomo.

Kijana wenu wa Msimbati.